Alama nyekundu kwenye kalenda: kisa cha ng'ombe aliyehimilishwa mara tatu bila kushika mimba

Ng'ombe anayezungumziwa hapa ni chotara wa Friesian, aliyekwisha kuzaa mara tatu, anayefugwa peke yake katika banda la mbao lililo baina ya nyumba na shamba la migomba, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Hai, kwenye mteremko wa kusini wa mlima Kilimanjaro. Alizaa mwanzoni mwa Desemba bila shida, kondo la nyuma likatoka lenyewe siku ileile, na nilipoitwa kumwona tarehe 25 Aprili alikuwa bado anakamuliwa vizuri. Tatizo lake lilikuwa kwamba hashiki mimba. Alikuwa amehimilishwa, yaani kuwekewa mbegu za dume kwa mrija, mara tatu, na mara zote tatu akarudia joto, ile hali ya kutaka dume, hata jirani mmoja akaanza kumshauri mama mwenye ng'ombe amuuze kwa wachinjaji angali na mwili.

Kilichonisaidia kuliko vifaa vyote nilivyobeba ni kalenda iliyotundikwa jikoni, imeshaingia moshi kwenye kingo, ambayo mama alikuwa ameitia alama kwa kalamu nyekundu: 13 Februari, 6 Machi, 27 Machi na 18 Aprili. Mara tatu za mwanzo alimpigia simu mhimilishaji siku hiyohiyo, naye akaja. Mara ya nne alikata tamaa, akaacha. Nilihesabu siku kati ya alama na alama nikapata 21, 21 na 22. Mzunguko wa ng'ombe huchukua siku 18 hadi 24, wastani wake ukiwa 21, kwa hiyo ovari za huyu zilikuwa zikifanya kazi kama saa. Hesabu hiyo ilisema na jambo la pili. Kiinitete cha ng'ombe kinapofika siku ya 16 hivi huwa kimerefuka kama uzi na kinatoa protini iitwayo interferoni tau, ambayo humzuia mama asirudi kwenye joto. Kikifa baada ya hapo, joto huchelewa kupita siku zake za kawaida. Huyu hakuwahi kuchelewa. Ama yai halikurutubishwa kabisa, ama lilirutubishwa likafa mapema sana.

“Mama, hizi alama ulizitia ulipoona nini?” nilimuuliza.

“Damu, daktari. Akishatoa damu ndipo ninapojua joto limefika.”

Jibu hilo lilieleza sehemu kubwa ya kisa, ingawa, kama itakavyoonekana, halikukimaliza.

Damu anayoitoa ng'ombe ukeni huja siku moja hadi tatu baada ya joto kwisha, na huonekana zaidi kwa mitamba. Wakati wa joto, homoni ya estrojeni huvuta damu nyingi kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, mishipa midogo ikajaa na kutanuka. Estrojeni inaposhuka ghafla, baadhi ya mishipa hiyo hupasuka, damu ikachanganyika na ute na kutoka nje. Haina uhusiano na hedhi ya mwanamke, ijapokuwa wafugaji wengi huifikiria hivyo, wala haisemi kama ng'ombe ameshika au hakushika. Inasema tu kwamba joto lilikuwapo na limepita. Joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 hivi, na yai huachiliwa saa 10 hadi 12 baada ya joto kwisha. Likishaachiliwa, uwezo wake wa kurutubishwa na kuzaa kiinitete chenye afya ni wa saa chache tu. Mbegu nazo zinahitaji saa kadhaa za kufika kwenye mrija wa mayai na kujiandaa. Anayehimilisha siku ya damu anapeleka mbegu kwa yai ambalo limekwisha kuharibika.

Sikumlaumu mama. Dalili kubwa ya joto, ambayo ni ng'ombe kutulia apandwe na wenzake, haiwezi kuonekana kwenye banda lenye ng'ombe mmoja. Dalili inayobaki ni ute, na ute wa joto ukitoka usiku hudondoka kwenye samadi ukapotea kabla ya kukucha, ilhali damu huganda kwenye manyoya ya mkia na kumsubiri mtu aione. Chotara wenye damu ya zebu, ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, nao mara nyingi huwa na joto fupi, na aghalabu huja usiku. Mhimilishaji ndiye aliyepaswa kushtuka. Mkono unapoingia kwa njia ya haja kubwa siku ya joto, mji wa mimba husikika umekaza na kujikunja. Siku mbili baadaye huwa umelegea, na ute unaotoka una michirizi myekundu. Mtu wa kazi hiyo anayeona hivyo na bado akayeyusha mrija wa mbegu zilizogandishwa anamtoza mfugaji pesa ya bure, na amefanya hivyo mara tatu.

Siku hiyo ya 25 Aprili nilimpima. Ikiwa damu ilionekana tarehe 18, joto lilikuwa yapata tarehe 16, na tulikuwa siku ya tisa ya mzunguko. Kwenye ovari ya kulia nilipapasa mwili wa njano uliokomaa, ile tezi inayobaki mahali yai lilipotoka na ambayo hutengeneza homoni ya projesteroni. Ute niliouchota ukeni ulikuwa kidogo mno, mzito, mweupe kiasi, unanata kwenye glavu kama uji uliopoa. Hivyo ndivyo ulivyopaswa kuwa. Chini ya projesteroni shingo ya kizazi hutoa ute mchache wenye maji machache, nyuzi zake za musini, protini ya ute, zikiwa zimesokotana, na kazi yake ni kufunga mlango.

Ningeweza kumchoma prostaglandini papo hapo ili kuuvunja mwili wa njano na kuleta joto baada ya siku chache. Sikufanya hivyo, kwa sababu historia yote niliyokuwa nayo ilitokana na damu, na nilitaka kuona joto lake la kawaida kwa macho yangu. Kwa kutazama nyuma, uamuzi huo ulimpotezea mama zaidi ya juma moja. Nilimwomba yeye na mjukuu wake wamwangalie ng'ombe saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kuanzia tarehe 4 Mei, wafagie sehemu ya nyuma ya banda kabla ya kulala ili ute ukidondoka uonekane, na wanipigie simu kwa ajili ya ute, si kwa ajili ya damu.

Tarehe 7 Mei, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mjukuu alinipigia. Nilimkuta ng'ombe anahangaika, ameacha majani kihorini, na kutoka ukeni unaning'inia uzi wa ute mrefu karibu mpaka kwenye visigino. Niliushika kati ya vidole viwili nikauvuta, ukarefuka bila kukatika, angavu kama ute wa yai bichi. Ute wa namna hii kwa zaidi ya asilimia 90 ni maji; estrojeni huifanya shingo ya kizazi kuumwaga kwa wingi, ukiwa na chumvi za kutosha, na nyuzi za musini zikiwa zimejipanga kwa mstari mmoja badala ya kusokotana. Ndiyo maana kwenye mashamba makubwa kipo kifaa cha kuingiza ukeni kinachopima ukinzani wa umeme: maji na chumvi vikizidi, ukinzani hushuka, na mshuko huo hutabiri joto.

Mimi nilikuwa na kipande cha kioo na hadubini ndogo. Nilipaka tone jembamba nikaliacha likauke. Ute wa joto ukikauka, chumvi yake huganda kwa mpangilio wa matawi yenye vijitawi, mfano wa jani la kangaga. Ule wa siku ya tisa ungeacha ukungu usio na umbo. Kangaga lilijitokeza vizuri, nikamwonyesha mjukuu, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Lakini nilipoinua uzi ule kuelekea mwanga wa mlango niliona ndani yake vijichembe vyeupe, vinne au vitano, mithili ya punje za chenga za mchele. Ulikuwa usaha. Ute ulionyesha kwamba homoni ziko sawa na wakati ni wake, na ulionyesha vilevile kwamba ndani ya mji wa mimba kuna uvimbe mwepesi wa maambukizi.

Nilimwambia mama kwamba hatutahimilisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Daktari, miezi yote nilikuwa nachelewa. Leo nimewahi, halafu unaliacha lipite?”

Lilikuwa swali la haki. Mbegu zikimwagwa kwenye mji wa mimba wenye usaha hukutana na chembe nyeupe za damu zilizokwisha kuamshwa, ambazo hazibagui bakteria na mbegu. Na hata yai likirutubishwa, kiinitete kitashukia mahali pasipokalika. Maambukizi hayo yalitoka wapi siwezi kuthibitisha, maana huenda yalibaki tangu kuzaa. Ninachoshuku zaidi ni uhimilishaji wa siku ya damu. Wakati wa joto mji wa mimba una kinga kali: damu ni nyingi, chembe za ulinzi hushuka kwa wepesi, misuli hujikaza na ute mwingi husukuma uchafu nje. Siku mbili baadaye projesteroni huanza kupanda, kinga hupungua na mlango hujifunga, kwa hiyo uchafu ulioingizwa na mrija wa kuhimilishia hufungiwa ndani. Kwa mantiki hiyohiyo, tiba ninayoipendelea kwa usaha mdogo ni kumrudisha ng'ombe kwenye joto upesi, ajioshe mwenyewe. Tarehe 15 Mei, siku ya nane ya mzunguko, nilimchoma klopurostenoli, dawa ya jamii ya prostaglandini, mikrogramu 500, kwenye msuli. Tarehe 18 jioni aliingia joto. Ute ulikuwa safi kabisa, hauna chembe hata moja, nao ulikauka kwa kangaga. Nilimhimilisha asubuhi ya tarehe 19, kwa kufuata kanuni ambayo mtafiti Trimberger aliiweka huko Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940, kwamba aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata.

Tarehe 21 mama alipiga simu kwa sauti ya msiba: damu imetoka tena. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, aitie alama, kisha asubiri.

Tarehe 8 Juni jioni ng'ombe alirudi kwenye joto.

Hapa ndipo nilipolazimika kuacha kufikiria ute unaoonekana na kufikiria majimaji yasiyoonekana. Kwa uhimilishaji, mrija huvuka shingo ya kizazi na kuachia mbegu mwanzoni mwa mji wa mimba, kwa hiyo ute wa mlangoni haukuwa kizuizi tena. Ulikuwa ushahidi tu. Kazi yenyewe hufanyika mbele zaidi. Mbegu hujishikiza kwenye ukuta wa sehemu nyembamba ya mrija wa mayai na kungoja. Zinaachia na kuanza kuchapa mikia kwa nguvu kadiri yai linavyokaribia kutoka, na bikaboneti iliyo nyingi kwenye majimaji ya mrija huo ni sehemu ya kinachoziamsha. Majimaji hayo hutoka kwa wingi zaidi siku za joto, na hapo ndipo huongezeka protini maalumu ya mrija, oviduktini, inayojipaka kwenye yai na kwenye kiinitete kichanga.

Watafiti wa Ireland waliokusanya majimaji hayo kwa mitamba hai katika miaka ya 2000 walionyesha kwamba si damu iliyochujwa tu. Glukosi ni chache kuliko kwenye damu, laktati ni nyingi zaidi, potasiamu imezidi, na miongoni mwa asidi za amino glisini ndiyo inayoongoza kwa wingi. Mrija huchagua cha kuingiza na cha kuzuia. Muda mrefu kabla yao, mwaka 1972, Tervit, Whittingham na Rowson walitengeneza kiowevu cha kukuzia viinitete kwa kuiga majimaji ya mrija wa kondoo, na kiowevu hicho, kwa marekebisho, kingali kinatumika hadi leo katika maabara zinazotengeneza viinitete vya ng'ombe.

Kiinitete hukaa humo siku nne hivi, kisha huteremka kwenye mji wa mimba kikiwa na seli nane hadi 16. Kuanzia hapo hadi kitakapoanza kujishikiza ukutani, karibu na siku ya 19 au 20, hakina mshipa wala kondo. Chakula chake chote ni maziwa ya mji wa mimba, yaani majimaji yanayotolewa na tezi za ukuta wake kwa amri ya projesteroni. Majimaji hayo nayo hubadilika siku hadi siku. Uchachu wake, kwa mfano, hupungua: pH hupanda kutoka takriban 6.8 siku ya joto hadi takriban 7.1 siku ya saba. Elrod na Butler, wa Chuo Kikuu cha Cornell, walionyesha mwaka 1993 kwamba mitamba waliolishwa protini nyepesi kuvunjika tumboni kupita mahitaji yao walikosa mpando huo, na wachache zaidi kati yao wakashika mimba. Protini iliyozidi huwa amonia na urea, urea hupenya kwenye damu, na kutoka kwenye damu hufika kote, pamoja na kule kiinitete kiliko. Miaka mitatu baadaye kundi la Butler liliweka alama ya hatari kwenye miligramu 19 za naitrojeni ya urea kwa kila desilita ya damu au maziwa.

Hayo niliyakumbuka nikiwa nimesimama mbele ya kihori, na niliyakumbuka kwa aibu. Tarehe 25 Aprili, nilipomwona ng'ombe amepungua mwili kidogo, nilimwambia mama aongeze mashudu. Aliongeza. Mwanzo alikuwa akimpa kopo moja la mashudu ya alizeti kwa pumba ya mahindi. Mpaka Juni alikuwa amefika makopo matatu, pumba ikiwa imeisha nyumbani na haikununuliwa nyingine, na juu ya hayo akaongeza majani ya lukina, mti wa malisho wenye protini nyingi, yaliyochipua vizuri na mvua za masika. Majani ya migomba na shina lake, ambayo ndiyo shibe ya ng'ombe wengi wa mlimani, hayana nguvu ya kutosha ya kuwawezesha vijidudu wa tumbo kuitumia protini yote hiyo. Nilikuwa nimesema “ongeza mashudu” bila kusema “pamoja na pumba”, na ushauri wa nusu mfugaji huutekeleza nusu hiyohiyo kwa bidii.

Sina kipimo cha urea cha kuonyesha. Wala si lazima kutafuta mkosaji kila uhimilishaji mmoja unaposhindwa, kwa sababu hata ng'ombe mwenye afya, aliyehimilishwa saa yake kwa mbegu nzuri, mara nyingi hurutubisha yai lakini kiinitete kikafa ndani ya majuma mawili ya kwanza. Huenda lishe haikuhusika kabisa. Hata hivyo kati ya yote niliyoweza kuyabadilisha siku ile, lishe ndiyo pekee iliyokuwa mikononi mwetu, na ilikuwa na faida moja: urea hupanda na kushuka ndani ya siku chache. Hatukuhitaji kuukosa mzunguko mwingine. Tungemhimilisha, kisha tungebadilisha chakula leoleo, ili kiinitete kiteremke siku ya nne au ya tano na kukuta majimaji tofauti na yale yaliyotangulia.

Ute wa jioni ile ulikuwa angavu, mrefu, safi. Nilimhimilisha asubuhi ya tarehe 9 Juni. Mashudu yalirudi kopo moja, lukina ikapunguzwa kuwa fungu dogo la jioni, na kijana wa nyumbani akatumwa dukani kuleta gunia la pumba ya mahindi. Tarehe 11 damu ilionekana kidogo kwenye mkia. Safari hii mama hakupiga simu. Tarehe 30 Juni, siku ya 21, ilifika ikapita, na siku tano baada yake zikapita pia, bila ute wala kelele.

Tarehe 8 Agosti, siku ya 60, nilivaa glavu ndefu. Pembe ya kulia ya mji wa mimba ilikuwa imejaa kuliko ya kushoto, ukuta wake umekuwa mwembamba, na nilipoubana kwa wepesi kati ya vidole nilisikia utando wa mimba ukiteleza ndani yake. Mama hakusema neno, alikwenda jikoni. Aliporudi alikuwa na kalenda, akaniomba nimhesabie siku za kuzaa, tukaangukia katikati ya Machi.

Nilipopita tena mwezi Oktoba kwa ajili ya mbuzi wa jirani, aliniita bandani. Kwenye mdomo wa uke kulikuwa na ute kidogo, mzito, wa rangi ya njano hafifu, unaonata kama gundi, na alitaka kujua kama ni joto au ni ugonjwa. Nilimwambia huo unafanana na ule wa siku ya tisa, isipokuwa huu una kazi ya miezi tisa: umeziba shingo ya kizazi kama kizibo cha chupa, na ziada yake hutokeza nje mara mojamoja. Hapaswi kuufuta wala kumruhusu mtu yeyote amwingize ng'ombe mrija, hata akilia usiku kucha kama mwenye joto. Aliuliza autie alama gani kwenye kalenda. Nilisema huu hauhitaji alama.